Kikopo cha Mwinjilisti

3 Februari

Mdogo wangu, Bi Hadubini,

Usianguke kwenye kiti. Ni mimi kaka yako, mwandiko ni wangu, na wala sijalewa. Simu zako nilizikata mwenyewe mwaka mzima, kwa hiyo leo naona haya kukupigia. Acha niandike.

Najua kosa lilianzia kwenye ile semina ya vijana. Nilikualika uwafundishe watoto wa kanisa kunawa mikono, wewe ukaulizwa swali moja tu na kijana mtundu, ukawajibu kwamba mtu na nyani wametoka kwa babu mmoja. Nilikutoa pale mbele ya watu, na sikukutoa vizuri. Hayo tuyaache. Damu ni nzito kuliko maji. Wifi yako kila siku ananiuliza, "Hivi mdogo wako mzima, au na yeye keshapanda mtini?"

Nina habari njema: Mungu ameniponya kifua kikuu. Hukujua kwamba niliugua kwa sababu sikutaka ujue. Mwaka jana nilikohoa damu, kituo cha afya wakanianzishia vidonge vya miezi sita, vile vinavyofanya hata mkojo uwe rangi ya chungwa. Nilipofikisha miezi miwili ya dawa kanisa likafunga na kuomba kwa ajili yangu, na kikohozi kikakatika kama mtu amefunga bomba. Hamu ya kula ikarudi, mashavu yakarudi. Nikasimama madhabahuni nikatoa ushuhuda, na vidonge nikaviweka chini mbele ya watu wote. Baada ya hapo ningevimeza tena kwa uso gani? Ingekuwa ni kumwambia Mungu, ahsante, ila ngoja nihakikishe.

Tangu hapo naitwa makanisa ya karibu na ya mbali, nawawekea wagonjwa mikono. Askofu anataka nisimame kwenye mkutano mkuu wa mwaka huu. Ila wapo wanaonung'unika, wanataka karatasi ya hospitali. Kituo chetu hutuma makohozi huko maabara kwenu. Ukiona kikopo chenye jina langu, kiangalie wewe mwenyewe, kwa jicho lako. Nataka karatasi hiyo itoke kwa mtu asiyeamini, ili asipatikane wa kubisha.

Kaka yako,
Mwinjilisti


14 Februari

Kaka,

Nimefurahi kuuona mwandiko wako, halafu nikaisoma barua, na furaha yote ikaniisha.

Mimi naamini. Ulinitoa kwenye semina, hukunitoa kwa Mungu. Kila Jumapili nakaa benchi la nyuma na hakuna anayeniuliza habari za nyani. Nimelitanguliza hilo kwa sababu limeniuma, lakini kubwa ni jingine: kesho asubuhi rudi kituoni uwaambie ukweli kwamba uliacha dawa. Nakupigia magoti.

Nafuu si kupona, Kaka. Unakumbuka tulivyokuwa tunapalilia, na wewe kwa uvivu wako ukang'oa majani laini ukayaacha yale yenye mizizi migumu? Shamba lilionekana safi kwa mbali. Msimu uliofuata lilikuwa limejaa hayo magumu matupu. Wadudu wa kifua ni hivyo hivyo. Hawafanani wote. Wachache huzaliwa na tofauti ndogo inayowafanya waivumilie dawa. Ukimeza mpaka mwisho, na hao wanakwisha. Ukikatisha, umewaua wanyonge, umewaachia shamba wale sugu, na watoto wao watakuwa sugu.

Sikulitaja lile neno lililokufanya unitoe mbele ya vijana. Lakini jambo ni lile lile. Nalishika mikononi kila siku ya kazi.

Na kama ni Maandiko, isome tena sura ya kwanza ya Mwanzo polepole. Kuna mahali Mungu haumbi kwa mkono wake. Anaiambia ardhi itoe viumbe, na ardhi inatoa. Aliipa ardhi kazi, Kaka, na mimi sioni aliposema muda wa kazi umekwisha.

Unakohoa? Nijibu hilo hata kama mengine hutayajibu.

Mdogo wako


27 Februari

Mdogo wangu,

Nilikuomba karatasi, umeniletea hotuba. Haya, nami nina yangu.

Mdudu ni mdudu. Awe laini, awe sugu, akizaa atazaa mdudu. Hujaniambia kwamba umemkuta mmoja huko chupani ameota miguu. Kila kiumbe kwa jinsi yake, ndivyo tulivyofundishwa, na hayo magugu yako ni magugu mpaka leo.

Halafu nikuulize jambo ambalo wasomi wenzako wanalikwepa. Mkisema mtu alikuja polepole kutoka kwa wanyama, basi Adamu hakuwepo. Kama Adamu hakuwepo, nani alianguka? Na kama hakuna aliyeanguka, msalaba ulikuwa wa nini? Usidhani nakugombeza kwa ukaidi. Ukivuta uzi huo mmoja, nguo yangu yote inafumuka, na hiyo ndiyo nguo pekee niliyonayo.

Kikohozi ni kidogo. Tunapaka rangi kanisa, ni vumbi la kuta. Wifi yako naye linamsumbua. Alifunga sana kwa ajili yangu mwaka jana na mwili wake bado haujarudi, zile sare za shule anazoshona siku hizi anazimaliza kwa kupumzika pumzika. Anakusalimu. Anasema ukija umletee sindano za cherehani, za huku zinavunjika.

Kikopo nimeshakipeleka kituoni. Tulia, utajionea mwenyewe.

Kaka yako,
Mwinjilisti


20 Aprili

Kaka yangu,

Majibu rasmi yametumwa kituoni, lakini sitaki uyapate kwa mtu wa dirishani.

Nilikiona kikopo chenye jina lako nikakichukua mimi, kama ulivyoomba. Wadudu wamo, wengi. Tuliwaotesha kwenye chupa, na chupa nyingine tukazitia dawa, ile ile uliyokuwa unameza. Penye dawa mdudu anatakiwa afe. Wako wameota kote. Kwenye zile dawa kubwa mbili wameota kana kwamba tumewamwagia maji. Nikarudia upya, nikidhani nimekosea. Imekuwa vile vile.

Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini. Sikulia kwa sababu nilikushinda mabishano. Ningetoa chochote nishindwe.

Zipo dawa nyingine. Ni kali, ni za muda mrefu, baadhi zinaharibu masikio, na inabidi ulazwe wodi ya peke yake. Lakini zipo. Usisubiri mkutano mkuu. Usiwawekee watu mikono tena, usiwabebe watoto wao. Na wifi akapimwe kesho, maana nawajua, mnalala dirisha limefungwa.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ndiye uliyenifundisha methali hiyo.

Mdogo wako


26 Aprili

Mdogo wangu,

Makohozi yale si yangu.

Nilikwenda kituoni na kile kikopo, nikarudi nacho kitupu. Mara tatu. Nilikaa nacho chumbani nimekishika, nikashindwa kutema. Wifi yako alikuwa anashona. Akaniangalia akasema, "Lete hapa. Mimi mzima. Nitatema mimi, jina la Mungu lisije likaaibishwa kwa wasiwasi wako." Nilimpa kikopo.

Tangu barua yako ifike najiuliza: kama niliamini kwamba nimepona, niliogopa nini?

Sasa nieleze wewe, na nieleze kama mtoto. Mke wangu hajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha kifua kikuu maishani mwake. Hata kimoja. Hao wadudu walio kifuani kwake walikutana wapi na dawa, hata wajue kuikataa?

Usiku anatokwa jasho mpaka shuka tunalianika. Nilikuficha. Nijibu upesi.

Kaka yako


30 Aprili

Kaka,

Jibu unalijua, ndiyo maana umeliuliza. Walikutana nayo kwako.

Hawakujifunza kitu, mdudu hana akili ya kujifunza. Kifuani kwako walikuwa wengi, wachache wakiwa na ile tofauti. Vidonge vya miezi miwili vikaua wengine, ukaviweka chini, wachache wakabaki na nyumba nzima. Walipozaana wakawa ndio wenyeji. Ukakohoa, wifi akavuta pumzi. Aliowapata si wale wadudu uliokuwa nao mwanzo. Alipata vizazi vyao, vilivyochujwa ndani yako. Ndiyo hicho tu nilichowaambia wale vijana, ila wao waliuliza kuhusu nyani.

Mpeleke leo. Na wewe uteme, kwa kinywa chako.

Uliniuliza habari za Adamu, na sikukwepa, nilikuwa natafuta maneno. Siwezi kukuonyesha bustani wala mtu wa kwanza. Labda Maandiko yanasimulia habari yetu sote kwa jina la mtu mmoja. Lakini kuanguka kwenyewe sijawahi kukutilia shaka. Mume na mke ndani ya chumba, kitu kimepita mkono kwa mkono, na kila mmoja alijua si sawa. Msalaba ulikuwa wa hao. Ulikuwa wa hao tangu zamani, na haujali walitokea wapi.

Sikuchomi kisu, Kaka. Na mimi nimo. Nilijua umeacha dawa tangu Februari, nikakuandikia hoja badala ya kupanda basi.

Mdogo wako


11 Juni

Wifi yangu kipenzi,

Usicheke mwandiko, naandika nimelala na mkono una bomba la dripu. Wodi ni nzuri, ina dirisha kubwa, na jirani pekee ni feni. Masikio yananipigia mluzi kama birika, sijui nani ataliepua. Daktari ni binti mpole. Anasema dawa zinajitahidi, lakini hanitazami machoni akisema hivyo, nami namwonea huruma nabadilisha mazungumzo.

Kaka yako naye amepimwa. Anao, wale wale. Amelazwa upande wa wanaume, na jioni wanamruhusu asimame nje ya dirisha langu na barakoa yake. Tunaangaliana kama wachumba waliokatazwa na wazazi.

Nina mawili, wifi, na pumzi ni chache.

La kwanza. Akina mama wa kwaya walikuja kuniona, wakasimama mlangoni na vitambaa puani. Mmoja akaniambia nitubu. Anasema mume kapona nyumba ile ile, mimi nimeugua, basi kasoro iko kwenye imani yangu. Huko kanisani wanajua kaka yako amekuja kuniuguza tu. Nilimwangalia kupitia dirishani, alikuwa anasikia. Akaangalia viatu vyake. Wifi, nimemsamehe kuniambukiza, hakujua. Nimemsamehe kikopo, nilikitaka mwenyewe. Viatu sijavisamehe. Nikifa asisimame kaburini kusema Mungu amependa. Aseme ilivyokuwa. Mimi nikimwambia analia tu, hatumalizi. Mwambie wewe.

La pili ni swali, na nakuuliza wewe si yeye. Huyu mdudu ni wa Mungu? Alipoangalia vyote akasema ni vyema, na huyu alikuwemo?

Wifi yako


19 Juni

Wifi yangu,

Ombi lako la kwanza nimelifikisha. Nimemwandikia leo hii, bila kuzunguka. Nimemwambia asipolisema yeye, nitakuja kulisema mimi, na safari hii ajaribu kunitoa.

La pili, sijui. Nikisema najua nitakuwa nakudanganya, na uongo umeshakugharimu vya kutosha.

Ninachokiona ni kidogo. Mungu hakuitengeneza dunia kama kiti cha seremala, kimekwisha, kinangoja mtu akikalie. Aliifanya iwe bado inaumbika. Kwa njia hiyo kila mtoto huja akiwa tofauti kidogo na waliomzaa, na kwa njia hiyo tukakupata wewe, ambaye hufanani na mtu hata mmoja niliyewahi kumjua. Kwa njia hiyo hiyo amekuja na huyu mdudu. Mlango ni mmoja, wifi. Nimemwuliza Mungu mara nyingi kwa nini hakuweka wa pili. Nimemwuliza nikiwa nimevaa barakoa, chupa zenu mkononi. Hajanijibu, na nimemkasirikia, na bado naongea naye.

Kimoja tu kinanishikilia. Hakukaa mbali akitutazama tunavyoumbika kwa maumivu. Alivaa mwili huu huu, uliotoka mbali kote huko, wenye mapafu, na mwisho alikosa pumzi kama unavyoikosa wewe. Haitoshi. Najua haitoshi.

Nimepata ruhusa kazini. Nakuja mwisho wa mwezi na sindano zako za cherehani. Nisubiri.

Wifi yako


28 Juni

Mdogo wangu,

Ujumbe wa simu uliupata, na najua ulihangaikia basi. Watu wa afya hawakuturuhusu kungoja, tulizika siku ile ile. Yaliyobaki nayaandika kwa sababu kwa sauti siwezi.

Barua yako kwake ilikuja baada yake. Nesi alinipa mimi. Nimeifungua, nisamehe. Nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo.

Walinipa ruhusa ya kwenda kuzika, nimevaa barakoa, nimesimama mbali na wengine. Askofu alisema maneno yake, kwamba mapenzi ya Mungu hayapimwi, kwamba imani ya mtu anaijua Mungu peke yake. Alipofika hapo watu wakatikisa vichwa kwa huruma, na nikaelewa wanamhurumia nini. Nikaomba kusema.

Nikasema mke wangu hakupungukiwa imani. Nikasema nilipata nafuu nikaiita uponyaji, nikaacha dawa, na wadudu waliobaki ndani yangu wamebadilika, dawa haiwawezi tena, nikampa yeye. Nikasema na habari ya kikopo. Kwaya ikaanzisha wimbo kunifunika. Waliimba beti zote. Nikangoja. Walipomaliza nikaanza tena tangu mwanzo, na kwa kuwa sauti yangu siku hizi ni ndogo, ikabidi wanyamaze ili wanisikie.

Askofu hakunipa mkono. Ameshanivua kazi kwa mdomo, bado maandishi. Na ujue, hakukasirishwa na kikopo. Kikopo angekifunika, alinong'oneza hivyo. Alichokasirikia ni kwamba nilisema "wamebadilika" nikiwa nimeshika Maandiko mkononi. Nilimwambia nisingeweza kusema vingine, kwa kuwa mwenye kujua hilo ni mke wangu aliyemo ndani ya shimo.

Adamu bado unanisumbua naye. Sijafika ulipofika, huenda nisifike. Asubuhi naomba, kisha nameza vidonge mbele ya nesi, na mpaka leo havijagombana. Siku nyingine naomba tu wewe usiniache. Nyumba nitakayoirudia ina cherehani na hakuna wa kuikalia.

Sasa nikuambie lililonifanya nisilale. Watu walipoanza kutawanyika, mama mmoja alikuja mpaka pale walipomzuia, mtoto mgongoni. Akasema, "Mwinjilisti, ulikuja kanisani kwetu mwaka jana. Huyu ulimbeba, ukamwombea uso kwa uso, na mimi nikafurahi." Nikamwambia ampeleke akapimwe. Hakuondoka. Nyuma yake wengine walikuwa wamesimama, wa kwetu na wa makanisa yale mengine, wamekuja kunizikia mke. Wengi, mdogo wangu. Nilikuwa sijui kwamba walikuwa wengi hivyo.

Akaniuliza, "Basi tuambie, nani kati yetu?"

Nikawaangalia usoni mmoja mmoja, nikawakumbuka.

"Wote," nikamwambia. "Kila niliyemwekea mikono."

Kaka yako